Namba Nne Kati ya Sita

Jamhuri, Nairobi
Jumapili, 6 Juni 2004

Mdogo wangu Zedekiah,

Salamu kutoka kwetu. Ivyne sasa anakaa bila kushikwa, ana meno mawili na anayatumia vibaya. Nimejaribu simu yako mara tatu, naambiwa haipatikani. Nadhani bado ni lazima upande kile kilima nyuma ya shule ndipo upate mtandao. Basi nimeshika kalamu kama zamani.

Nina habari njema na shida moja. Habari njema ni kwamba Quincy ameninunulia kompyuta! Mpya kabisa, imekuja na katoni yake na yale mabamba meupe mepesi yanayolia yakisuguana. Unakumbuka nilivyokuwa nikisema kwamba nikiacha ukarani nitawachapia watu kazi zao hapa nyumbani? Nimeshapata mwanafunzi wa chuo mwenye kurasa mia moja na ishirini, na kanisa limeniahidi programu za Jumapili.

Shida ni kelele. Nikiiwasha inaanza kuvuma kama kinu cha mahindi kilicho mbali. Baada ya dakika kumi mvumo unapanda, halafu inaingia tatatatata, kama msumari ndani ya mkebe, kisha mashine inazima yenyewe na kunilia kazi yote. Jirani wa chini ameniuliza kama tunasaga nyama.

Nilimwambia Quincy airudishe dukani. Akasema risiti imepotea. Nikamwambia basi nimwite yule fundi wa pale steji ya matatu, akanigeukia kwa ukali ambao sikuutarajia. "Hakuna fundi atatia mkono ndani ya hiyo mashine, umenisikia?" Kisha akacheka, akasema mafundi wa siku hizi wanaiba vipuri.

Sijamwambia nimekuandikia. Lakini nijibu kwa sanduku lake la posta kama kawaida, maana hatuna lingine. Niambie nifanye nini, kwa maneno ambayo mimi nitaelewa.

Dadako,
Caren


Siaya
Jumatatu, 14 Juni 2004

Dada Caren,

Ivyne umpakate, umwambie mjomba wake anataka kuumwa na hayo meno.

Kompyuta mpya hailii hivyo. Lakini usiogope, mara nyingi ni kitu kidogo. Kwanza ichomoe ukutani. Sio kuizima tu, ichomoe. Nyuma kuna skrubu mbili upande wa kushoto. Zifungue, halafu ubavu wa kasha utelezeshe kuelekea nyuma, utatoka wenyewe.

Ndani utaona feni mbili. Moja iko kwenye kile kisanduku kinachopokea umeme. Nyingine iko katikati ya bodi, imekaa juu ya chuma chenye mabati membamba kama kitabu kilichofunguliwa. Chini ya hicho chuma ndiko iliko prosesa, na kazi ya feni ni kuipoza. Angalia kama kuna waya unaogusa mapanga. Kisha shika feni kwa vidole viwili uitikise polepole. Imefungwa kwa kulabu nne. Ikicheza, kulabu moja imeachia, chuma hakigusani vizuri na prosesa, joto linapanda, na feni inakimbia kama inayofukuzwa. Huko kuzima ni mashine inajiokoa isiungue.

Usirudishe ubavu kwa sasa. Uache nje siku chache, mashine ipate hewa, uone kama kelele itapungua.

Mimi sijafungua kompyuta tangu nitoke Nairobi. Shule ina moja, iko ofisini kwa mwalimu mkuu, imefunikwa kitambaa. Anajua nilikaa ndani siku tisa. Akitoka hata kwenda msalani hufunga mlango. Mwezi wa nane utatimia mwaka tangu Mzee Nzuki apigwe akilinda mlango wa ile ofisi ya wapima ardhi nilikokuwa fundi wa kompyuta. Mashine sita zilitolewa kwa mlango uliofunguliwa kwa ufunguo, na mwenye ufunguo wa akiba nilikuwa mimi. Niliachiliwa kwa kukosa ushahidi, si kwa kuonekana sina hatia. Watu wanajua tofauti.

Mzee alikuwa akiniita Injinia. Alikaa siku tatu hospitalini, akafa bila kufungua macho.

Tuyaache hayo. Niandikie ulichokiona ndani.

Zedekiah


Jamhuri, Nairobi
Jumanne, 22 Juni 2004

Zed,

Wewe ni mwalimu mzuri. Nilingoja Quincy aende Nakuru kupeleka meza za ofisi, nikalaza mtoto, nikachukua bisibisi ya cherehani.

Kulabu moja imevunjika kabisa, ile ya juu kulia. Mtu ameifunga kwa waya wa kufungia mkate, na ncha ya ule waya ndiyo inayogongwa na mapanga. Kona ya kasha imebonyea, kama kitu kilichoangushwa. Na vumbi, Zed! Vumbi la kuandikia jina. Mashine mpya inatoa wapi vumbi hilo?

Sasa sikia cha kuchekesha. Ndani ya ubavu, upande usioonekana, kuna maandishi ya kalamu ya wino wa buluu: Z.A. 4/6, Nov. 2002. Hiyo Z yenye mkia ni yako tupu. Nimewaza labda wenye duka walinunua mashine uliyounda wewe zamani, wakaipangusa nje wakaitia katoni. Ni hivyo?

Quincy aliporudi nilimsimulia tukila chakula cha jioni. Nikamwambia, "Dunia ni ndogo, ndugu yangu ametia sahihi kwenye kompyuta yangu." Akaweka kijiko chini. Akanawa mikono ingawa hakuwa amemaliza kula. Asubuhi akasema ataitafutia mteja, atanunua nyingine nzuri zaidi. Nikamwambia mwanafunzi wangu anangoja kurasa zake, angoje hadi mwisho wa mwezi wa saba.

Tangu siku hiyo huuliza kila jioni kama barua yako imefika, na mwenye ufunguo wa sanduku ni yeye.

Caren


Siaya
Jumatano, 30 Juni 2004

Dada Caren,

Umenichekesha hadi walimu wenzangu wameniuliza kuna nini! Z.A. wako wengi Nairobi kuliko mbwa. Mimi sikuwahi kuandika jina langu kwenye mashine, ningepata wapi muda huo? Hilo ni neno la wauzaji wa jumla, huandika herufi za bohari na namba ya mzigo. Vumbi ni la bohari pia.

Kata ncha ya ule waya, nunua feni mpya pale Luthuli, na umshukuru Quincy kwa zawadi nzuri. Mwambie shemeji namsalimu sana.

Zedekiah


Siaya
Jumatano, 30 Juni 2004
Kwa mkono wa Lornah, Mountain View

Caren,

Nimemtumia mwenzako wa kwaya, Lornah, barua hii kwenye sanduku la shule anakofundisha na kumwomba akupe mkononi baada ya kwaya. Isome hapo kwake, uiache hapo. Ile nyingine niliyotuma leo kwa sanduku la Quincy ni uongo mtupu. Nimeiandikia macho yake.

Maandishi ni yangu. Niliunda mashine sita kwa ajili ya ile ofisi, Novemba mwaka wa elfu mbili na mbili, na kila moja niliiandika ndani: ya kwanza kati ya sita, ya pili kati ya sita, hadi mwisho. Sikumwambia mtu. Ilikuwa fahari yangu tu, kazi yangu kubwa ya kwanza. Iliyo juu ya meza yako ni ya nne. Ilikuwa ya Bi. Wamucii, meneja, dirishani.

Mashine hiyo haijapita duka lolote.

Nakuomba mambo matatu. Usimwulize Quincy chochote. Ule ubavu wenye maandishi uondoe nyumbani, umpe Lornah auweke. Tatu, endelea kuchapa kana kwamba hakuna lililotokea, hadi nikuandikie tena. Nipe muda nifikirie.

Ukimaliza, Lornah aichome hii.

Z.


Nairobi
Jumatano, 7 Julai 2004

Shem Zedekiah,

Mambo? Natumai kazi ya chaki inakuendea vizuri na hewa ya huko ni safi kuliko moshi wetu.

Nimesoma barua yako kwa Caren. Tulicheka pamoja. Neno la bohari, umesema. Sawa. Mimi ni mtu wa viti na meza, sijui mambo ya kompyuta, nakuamini.

Kuna jambo moja tu. Ubavu wa ile mashine hauonekani. Caren aliniambia ulimshauri auache nje. Sasa nje ni wapi, shem? Nyumba ni ya vyumba viwili.

Nakuandikia kama ndugu. Wewe unajua kesi ile haijafungwa. Jina lako liko kwenye faili, langu haliko. Siku kipande cha bati chenye herufi zako kikionekana mikononi mwa mtu yeyote, askari watamwuliza nani? Watamwuliza mwenye ufunguo ambaye mashine ilipatikana kwa dadake. Na watamchukua dadako pia, na mtoto bado ananyonya. Mimi silitaki hilo. Wewe unalitaka?

Nimekupatia kazi. Njoo Nairobi Jumamosi ya tarehe ishirini na nne, nitakupokea mwenyewe unaposhuka, tupitie mahali tuzungumze kabla ya kwenda nyumbani. Usimwandikie Caren, nataka ashtukie tu umefika. Hata hivyo hajisikii vizuri siku hizi, nimemwambia apumzike asitoke.

Shemejio,
Quincy


Mountain View, Nairobi
Jumamosi, 10 Julai 2004

Zed,

Niko kwa Lornah pamoja na Ivyne. Sikupumzika, na siumwi.

Jumanne niliutoa ule ubavu ndani ya mfuko wa mashuka ya kufua nikamletea Lornah. Jumatano Quincy alirudi saa sita mchana, jambo ambalo hafanyi. Akasimama mbele ya meza muda mrefu.

"Ubavu wa hiki kitu uko wapi?"

"Nimeupeleka ukanyooshwe. Ulikuwa umepinda."

"Kwa nani?"

"Kwa fundi wa milango."

Hakupaza sauti. Alimchukua Ivyne mikononi mwangu, akampakata, akaanza kumlisha uji wake, kijiko kwa kijiko, akimpangusa kidevu. Akasema bila kuniangalia, "Kesho asubuhi utaenda kuuleta. Mimi na Ivyne tutakungoja hapa."

Halafu akasema mashine inakwenda stoo, sasa hivi. Akamketisha mtoto kwenye kochi, akainua kompyuta. Ni nzito, unajua, inahitaji mikono miwili. Nikamsikia akishuka ngazi. Gari alikuwa ameliacha upande wa barabara. Nilimchukua Ivyne, nikapitia mlango wa jikoni na ngazi za nyuma, nikapita nyuma ya nyumba za jirani hadi karibu na uwanja wa maonyesho. Sikuchukua hata viatu vyake.

Sasa nikwambie lililo gumu zaidi. Nilipoona ile namba sita ndani ya kasha, nilijua. Nilikuandikia kwa kucheka kwa sababu nilitaka wewe ndiwe useme. Na nilimwambia Quincy mezani makusudi, nimwone uso.

Mwaka jana, ulipokuwa ukikaa kwetu, funguo zako zilining'inia kwenye msumari karibu na friji. Wiki ya mwisho ya Julai Quincy aliniomba nimpe, akasema anataka kulinganisha kufuli fulani la stoo. Nikampa. Alikaa nazo tangu asubuhi hadi jioni. Askari walipokuja nyumbani wakakuuliza mbele yangu kama kuna mtu mwingine aliyewahi kushika zile funguo, wewe ulisema hapana. Wakaniuliza mimi. Mimba ilikuwa ya miezi sita. Quincy alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, mkono begani mwangu. Nikasema hapana.

Wakakufunga pingu nikiona. Nilikuletea chakula kituoni siku tisa mfululizo, na kila siku nilijiambia leo nitasema. Nilijipa sababu: huenda ni kufuli kweli, huenda nitavunja nyumba kwa wazo tu.

Lornah ameongea na Bi. Wamucii. Anayo orodha ya namba za mashine zote. Jumatatu tunakwenda naye kituoni. Nitasema yote, hata yangu. Kama utanichukia, nichukie baada ya Jumatatu, maana nahitaji miguu ya kunifikisha pale.

Usije tarehe ishirini na nne. Usipande gari lolote ambalo yeye analijua.

Caren


Siaya
Jumamosi, 17 Julai 2004

Dada yangu,

Barua yako na ya Quincy zimefika siku moja. Nimeziweka mezani pamoja, nikatoka nje, nikarudi, bado zilikuwa pale.

Sikuchukii. Lakini usinishukuru bado, ngoja umalize kusoma.

Asubuhi baada ya wizi, kabla askari hawajafika nyumbani, nilichukua funguo msumarini nielekee kazini. Katika meno ya ule ufunguo wa ofisi kulikuwa na sabuni iliyokauka. Sabuni ya kufulia, ya kijani. Sikuelewa. Nilipofika mjini nikakuta watu wamejaa mlangoni, damu ya Mzee kwenye ngazi, ndipo nikaelewa. Mtu amekandamiza ufunguo kwenye kipande cha sabuni ili achongeshe mwingine.

Nilisimama kwenye ile ngazi nikihesabu. Nyumba ile ilikuwa na watu watatu. Nikatoa ufunguo mfukoni, nikaikwangua ile sabuni kwa ukucha hadi ikaisha.

Nilikuwa nakufikiria wewe na mimba yako. Nilidhani nikinyamaza, yatanipata mimi peke yangu, na mimi sina mke wala mtoto. Sikufikiri kwamba nakuacha ulale kando yake mwaka mzima. Sikufikiri juu ya mke wa Mzee Nzuki hata kidogo. Huo ndio ukweli, na nimekuwa nikisimama mbele ya darasa kila asubuhi nikiwa nao.

Nakuja. Sitashuka pale anaponingojea, nitashukia Kangemi nitembee hadi kwa Lornah. Huenda nikafika kabla ya barua hii. Nitakwenda kituoni na kuwaeleza habari ya sabuni. Wanaweza kuniweka ndani tena, safari hii kwa haki. Ikiwa hivyo, mwambie mwalimu mkuu madaftari ya kidato cha pili yako kwenye kabati, nimeshayasahihisha.

Fungeni mlango. Msimtume mtoto wa jirani dukani, nendeni nyinyi wawili pamoja.

Zedekiah


Mountain View, Nairobi
Jumatatu, 4 Oktoba 2004

Mdogo wangu Zed,

Nashukuru umefika salama na mwalimu mkuu amekupokea. Lornah anasema zile siku mbili walizokuweka ndani zilimkondesha yeye kuliko wewe.

Leo nilikuwa kortini. Ulitoa ushahidi wako mwezi uliopita, basi nakueleza wangu. Quincy ameletwa akiwa amenyolewa. Tangu wamkamate kule Busia akitaka kuvuka mpaka amepungua, lakini koti ni lile lile la kijivu. Mashine zilizokutwa stoo kwake zilikuwa zimepangwa mezani mbele ya hakimu, tatu, na ule ubavu umeegemezwa pembeni. Bi. Wamucii alisoma namba moja moja, taratibu, kama anayeita majina ya watoto. Watu wawili aliokuwa nao usiku wa wizi hawajapatikana. Juzi mtu alipiga simu kwa Lornah, akauliza kama Ivyne ameanza kutembea, akakata. Tumewaambia askari. Tunahama mwisho wa mwezi, nitakwambia ni wapi tukionana, sitaandika.

Nilisema yote. Msumari, friji, mkono begani. Wakili wake akaniuliza kwa nini hakimu aniamini leo wakati nilidanganya mwaka jana. Nikasema sijui kwa nini aniamini, mimi nasema tu kilichotokea. Quincy hakuniangalia mimi. Alikuwa akimwangalia Ivyne, aliyekuwa magotini mwa Lornah, na alimtabasamia hadi Lornah akatoka naye nje. Kesi imeahirishwa hadi Novemba.

Baadaye, kwenye korido, mwanamke mmoja mwenye kitambaa cheusi kichwani alinijia. Nilimjua kabla hajasema. Mke wa Mzee Nzuki. Anatoka Machakos alfajiri kila siku ya kesi, peke yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata apige. Nilikuwa na maneno ya kuomba msamaha niliyokariri wiki nzima.

Aliniambia, "Nataka kukuuliza kitu kimoja tu, mama."

Nikamwambia aulize.

"Asubuhi ile, mumeo alipokuja nyumbani kutoka kule. Alikula?"

Zed, ningeweza kumwambia sikumbuki. Alinipa nafasi, alikuwa akiangalia sakafu. Lakini nakumbuka vizuri. Nilimwambia alikula mayai mawili na mkate, akaniomba nimwongezee chai, nikamwongezea.

Akaitikia kwa kichwa, mara mbili. Akachukua mkoba wake sakafuni, akarudi ndani ya mahakama ambayo haikuwa na mtu tena, akaketi kwenye benchi la mbele.

Caren